Bi Mwatumu Anyimwa Umaskini

Hapo zamani zisizo za kale sana, maana fomu na mihuri vilikuwa vimekwisha kuvumbuliwa, palikuwa na nchi moja ambayo jina lake lilikuwa bado linapitiwa na kamati. Kamati ilikuwa na miaka kumi na minne kazini, na posho zake zilitoka kwa wakati, kwa hiyo hakuna aliyeona haraka. Wananchi waliiita tu Nchi. Walipotaka kuisifu waliiita Nchi Yetu, na walipotaka kuilaumu walitazama kwanza nyuma.

Katika mji mkuu wa nchi hiyo, mtaa wa Kisimafungu, alikaa mjane mmoja, Bi Mwatumu, mshonaji wa mito na magodoro ya sufi. Alikuwa na nyumba ya vyumba viwili, baraza ya saruji mbele na mpera nyuma, na humo alikaa miaka thelathini na mmoja, ishirini na mumewe na kumi na mmoja na sufi. Ukimkuta njiani ungemjua kwa manyoya ya sufi yaliyokuwa hayamtoki kichwani hata sikukuu.

Asubuhi moja alifungua mlango akakuta karatasi imebandikwa. Haikuwa na jina lake. Ilisema hivi: "Kwa Nyasi, Mbuzi na Vinginevyo vilivyomo katika Uwanja Mtupu Namba 41. Mnatakiwa kufika mahakamani tarehe ishirini na tatu mwezi ujao, mjieleze kwa nini msiondolewe."

Bi Mwatumu aliisoma mara mbili, kisha akamwita jirani yake, Mama Zaituni, ambaye kwa kawaida hakuhitaji kuitwa.

"Shoga, hebu njoo unisaidie. Hapa mimi ni nyasi au ni mbuzi?"

Mama Zaituni alisoma, kidole kikitembea juu ya mistari. "Nyasi umeng'oa juzi. Mbuzi huna. Basi wewe ni vinginevyo."

Mambo yalikuwa hivi. Nyuma ya nyumba ya Bi Mwatumu palikuwa na ukumbi wa harusi wa Mheshimiwa Bakunja, diwani. Ukumbi ulikuwa mzuri, ila wageni walikosa pa kuegesha magari. Mheshimiwa alipotazama dirishani aliona nyumba ya Bi Mwatumu, na kadiri alivyoitazama ndivyo alivyozidi kutoiona. Baraza la Mji likakaa kikao, yeye akiwa mwenyekiti. Kwa kuwa jambo lilimhusu mwenyewe, alitoka nje kwa heshima, akarudi wakati wa kupiga kura tu. Baraza likakubaliana kwa kauli moja kwamba pale ni uwanja mtupu, likammilikisha.

Bi Mwatumu naye alikuwa na hati yake, alikuwa nayo kweli. Lakini mwaka juzi Ofisi ya Ardhi iliiazima ili iitolee nakala. Nakala ikatolewa, hati ikapotea, kisha nakala ikakataliwa kwa sababu haikuwa na hati ya kulinganishwa nayo.

"Sasa utafanyaje?" akauliza Mama Zaituni.

"Nitafute wakili."

"Kwa mito?"

Wakili wa mjini alikuwa akilipisha hata salamu.

*

Bahati ilikuwa upande wake, au ndivyo alivyodhani, maana wiki ileile Waziri alihutubia redioni.

"Ndugu wananchi," alisema Waziri, "haki si mali ya matajiri. Haki ni ya wote, kama hewa. Lakini hewa inahitaji pua, na haki inahitaji wakili. Kuanzia leo, Serikali yenu sikivu itamlipia wakili kila mwananchi aliye maskini ipasavyo."

Watu walipiga makofi. Wachache walisita kwenye neno "ipasavyo", lakini makofi yalikuwa yamekwisha kuanza.

Idara ya Msaada wa Kisheria kwa Maskini Ipasavyo iliwekwa ghorofa ya nne. Lifti ilikuwepo, na mlangoni mwake palikuwa na tangazo: aliyepanda lifti alihesabiwa kuwa amejiweza. Waombaji walipanda ngazi. Hata hivyo, aliyefika juu bila kuhema aliandikwa kuwa ana afya, na afya ni mtaji. Bi Mwatumu alihema vizuri, bila kufundishwa na mtu.

Alipokewa na Bwana Ngwali, Mpima Umaskini Daraja la Pili, kijana mpole mwenye kalamu tatu mfukoni, moja tu ndiyo ikiandika.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Umekuja kuomba au kulalamika?"

"Kuomba."

"Afadhali." Akamtazama toka juu hadi chini. "Kanga mpya hiyo."

"Ya jirani, nimeazima. Mtu haendi ofisi ya serikali na matambara."

Bwana Ngwali akaandika: Anakopesheka. "Na viatu?"

"Vya jirani vilevile."

Akaongeza: Sana.

Kisha akamweleza utaratibu, taratibu, kama anayemsomesha mtoto dua. Maskini wako wa aina tatu. Wa kwanza ni maskini wa kawaida, huyo ni mwananchi tu. Wa pili ni maskini wa kutosha, huyo Serikali inamhurumia. Wa tatu ndiye maskini ipasavyo, na ndiye mwenye wakili.

"Kesi yako inahusu nini, mama?"

"Nyumba yangu na kiwanja changu. Kuna mtu anasema ni chake."

Bwana Ngwali akaweka kalamu chini. "Hapo sasa pana ugumu. Kama kiwanja ni chako, wewe una mali, hustahili wakili. Kama si chako, huna kesi, wakili wa nini?"

"Sasa mwanangu, huyo wakili anapewa nani?"

Kijana alifikiri kwa moyo wake wote. "Mpaka leo hajapatikana mtu. Lakini Idara ina wiki mbili tu, mama, tusiihukumu. Wewe chukua fomu ujaze. Mimi kazi yangu ni kuandika, kuamua kuna wenyewe."

*

Fomu ilikuwa na kurasa kumi na tisa, na kila ukurasa ulidai kiambatanisho.

Ilitakiwa barua ya mwajiri kuthibitisha kwamba mwombaji hana mwajiri. Ilitakiwa barua ya benki kwamba hana akaunti. Benki ilikataa kumwandikia mtu asiye mteja wake, kwa hiyo ikamfungulia akaunti ili ipate kumwandikia kwamba hana. Ilitakiwa picha ya pasipoti ambamo umaskini uonekane wazi. Mpiga picha alijitahidi, masikini, lakini uso wa Bi Mwatumu ulizaliwa na ucheshi.

"Bi Mwatumu, nuna kidogo."

"Nimenuna, baba."

"Huko ndiko kununa? Fikiria msiba."

Picha ya kwanza ilirudishwa ikiwa imeandikwa kwa wino mwekundu: "Uso una matumaini." Ya pili ikapita, maana alipigwa siku aliyotoka benki.

Mwisho kabisa, fomu ya kuomba wakili ilipaswa kutiwa saini mbele ya wakili. Akampata mmoja aliyekubali kusaini kwa mito miwili. Bwana Ngwali alipoiona saini aliuliza imelipiwa nini. Bi Mwatumu, ambaye hakuzoea kusema uongo, akamwambia. Kijana akaandika: Ana biashara, inalipa.

"Sasa mama, bado hatua moja. Alhamisi tutakuja kwako kuuona umaskini wenyewe, kwa macho. Usiandae chochote."

Angalisema neno jingine lolote, mambo yangalikwenda vingine. Lakini Kisimafungu ukimwambia mtu mgeni anakuja na asiandae chochote, umemtukana.

*

Alhamisi asubuhi Bi Mwatumu alitandika mkeka wake uliotoboka, akaketi kuwangoja wageni katika hali yake halisi. Mama Zaituni alichungulia, akashika kiuno.

"Hapo ndipo watakapokaa wageni?"

"Ndipo. Wanakuja kuangalia umaskini."

"Umaskini wauangalie, nani kawakataza? Lakini wakae wapi?"

"Wakae mkekani."

"Watu wa serikali? Waende wakaseme Kisimafungu mgeni anakalishwa kwenye tundu? Haya si yako peke yako, Mwatumu. Ni aibu ya mtaa."

Bi Mwatumu alimsihi, akamshika na mkono, akamwambia kwamba leo ndiyo siku ya kuonekana hana kitu, na kwamba bila wakili ataondolewa pamoja na nyasi. Mama Zaituni alisikiliza mpaka mwisho, akasema ameelewa kabisa, akaenda kuita watu wamsaidie kubeba kochi.

Kufika saa nne, baraza ilikuwa na makochi mawili ya Mama Zaituni, zulia la nyumba ya tatu, meza ya kioo ya mwalimu mstaafu, feni ya kusimama iliyovutiwa umeme kwa waya toka upande wa pili wa njia, na seti ya vyombo vya udongo ambavyo jirani mwenye navyo hakuwahi kuvitoa kabatini tangu aolewe. Kuku watatu walikuwa wamekwisha kuingia kwenye pilau. Mgeni njoo mwenyeji apone, walisema wahenga, ila wahenga hawakuwahi kupimwa umaskini.

Bwana Ngwali alikuja na futi ya kupimia na daftari. Alipopanda barazani alisimama, akalitazama zulia, akavua viatu.

"Mama," alisema kwa sauti ya chini, "mbona umeniangusha?"

"Si vyangu, mwanangu. Ni vya majirani."

"Vya majirani viko kwa majirani, mama. Hivi viko kwako."

"Kaa kwanza ule," akasema Mama Zaituni, "maneno hayaishi."

Akala. Tumpe haki yake, alijaribu kukataa mara mbili, lakini ya tatu si ya kukataa kwa mtu aliyelelewa. Alikula sahani tatu akiwa ameegemea mto wa sufi, na baina ya tonge na tonge aliandika: Makochi, mawili. Feni, inazunguka. Pilau, lina nyama. Baada ya chai akapima kiwanja chote kwa futi, akahesabu milango na madirisha, akagonga kuta kusikia kama ni za kweli, akaandika na mpera. Aliandika vizuri mno. Tangu aajiriwe hakuwahi kupata mali ya kuandika.

*

Siku nne kabla ya kesi ikaja barua. Bi Mwatumu aliipokea kwa mikono miwili, akaisoma amesimama.

"Yah: Kutofaulu kwako katika umaskini," ilianza. "Idara imejiridhisha pasipo shaka yoyote kwamba wewe, Bi Mwatumu, ndiye mmiliki wa kiwanja namba 41, Kisimafungu, chenye urefu wa mita ishirini na nane na upana wa mita kumi na tisa, kinachopakana kaskazini na nyumba ya Mama Zaituni na kusini na ukumbi wa harusi wa Mheshimiwa Bakunja, kwamba ndani yake mna nyumba yako ya kudumu, yenye milango mitatu na madirisha manne, ambayo umeishi kwa miaka thelathini na mmoja, na mpera. Kwa utajiri huo, pamoja na makochi, Idara inakupongeza na inasikitika."

Chini palikuwa na saini ya Ngwali, ya Mkurugenzi, ya Katibu na ya Waziri mwenyewe, na mihuri mitano, mmoja wa kantini, uliogongwa kwa bahati mbaya wakati karani anakula.

Bi Mwatumu akaketi. Machozi yakamtoka. Mama Zaituni naye akalia, kwa sauti kubwa zaidi kama ilivyo desturi ya aliyesababisha.

"Kochi langu limekuponza, shoga yangu. Nilichotaka ni mgeni akae."

"Najua."

"Nililia na wewe kwa mumeo, sasa nakulilia kwa kochi."

"Ngoja," akasema Bi Mwatumu. Alikuwa amefuta macho na anasoma tena. Alisoma toka juu, polepole, akafika kwenye mpera, akarudi. "Mama Zaituni, mimi sina hati, sivyo?"

"Huna. Walikupotezea."

"Na hii ni nini?"

Mama Zaituni alisoma, kidole kikitembea. Kilipofika kwenye "ndiye mmiliki" kikasimama.

Wakatazamana. Kisha Bi Mwatumu akaikunja barua mara nne, akaitia ndani ya mto, akaushona mto.

*

Jambo likijulikana na Mama Zaituni limejulikana na mtaa, na likijulikana na mtaa limemfikia diwani. Mheshimiwa Bakunja alipiga simu moja tu, kwa kuwa watu wakubwa hawapigi mbili.

Siku mbili kabla ya kesi gari jeusi lilisimama mbele ya baraza. Akashuka Mkurugenzi wa Idara, mtu mnene mwenye shahada nyingi, kisha Bwana Ngwali, macho chini, na nyuma yao kijana aliyevaa suti na kubeba mkoba wa ngozi. Bi Mwatumu aliwakaribisha kwenye mkeka uliotoboka. Safari hii Mama Zaituni aliuacha, akasimama mlangoni.

"Mama yetu," akasema Mkurugenzi baada ya kulikwepa tundu, "nimekuja mwenyewe kukuletea habari njema. Idara imelitazama upya suala lako kwa jicho la huruma. Tumekupandisha. Wewe sasa ni maskini ipasavyo, wa kwanza katika historia ya taifa."

"Nashukuru, baba."

"Na huyu hapa ndiye wakili wako."

Bi Mwatumu alimtazama wakili. Mwezi mzima alikuwa amempandia ngazi mtu huyu, amemnunia mpiga picha kwa ajili yake, na sasa amemjia mpaka mlangoni, ana suti, ana mkoba, ananukia. Naye Bi Mwatumu maishani hakuwahi kusimama mbele ya hakimu. Usiku uliopita alijaribu kujifunza cha kusema mbele ya cherehani, na hata mbele ya cherehani hakuvuka salamu.

"Utaweka saini hapa tu," akasema Mkurugenzi, "kwamba huna mali yoyote. Na ile barua ya mwanzo uturudishie. Ilikuwa na kasoro ndogo za uandishi."

"Huyu wakili akifika mbele ya hakimu atasemaje?"

"Atasema wewe ni maskini."

"Halafu?"

"Halafu hakimu atakuhurumia."

"Na nyumba?"

Mkurugenzi akakohoa. "Nyumba ni mali, mama. Maskini ipasavyo hana mali. Wakili hawezi kwenda kinyume cha fomu."

Bi Mwatumu akamgeukia kijana wa suti. "Ni kweli, mwanangu?"

Kijana alitazama viatu vyake. "Ni kweli, mama. Ukisaini hii, mimi sitakuwa na la kutetea."

Kalamu ilikuwa mbele yake, imeshafunguliwa. Bi Mwatumu aliishika, akaigeuzageuza, akamrudishia Mkurugenzi.

"Basi mpeni wakili wenu asiyejiweza. Mimi ni tajiri. Serikali imeniandikia."

"Mama, hii ni tamaa."

"Ni makochi," akasema Mama Zaituni toka mlangoni.

*

Tarehe ishirini na tatu mahakama ilijaa. Mheshimiwa Bakunja alikaa mbele na wakili wake, mtu maarufu aliyejulikana kwa kuzungumza Kilatini alipoishiwa. Kizimbani palikuwa patupu. Hakimu alikuwa mzee Kitundu, aliyebakiza miezi miwili astaafu, kwa hiyo uoga wake nao ulikuwa ukielekea ukingoni.

Karani akasimama akaita. "Nyasi, Mbuzi na Vinginevyo."

"Vinginevyo nipo," akasema Bi Mwatumu, akapanda kizimbani, amekumbatia mto.

Wakili wa Bakunja alieleza kwa saa nzima kwamba uwanja ni mtupu, umekuwa mtupu, na mteja wake ameupenda kwa ajili ya utupu wake. Akatoa hati. Hakimu akauliza kama Vinginevyo wana hati yao. Bi Mwatumu akaomba mkasi, akaufumua mto. Sufi ikaruka, ikamtua hakimu kwenye wigi, na barua ikapelekwa mbele.

Hakimu aliisoma yote, pamoja na muhuri wa kantini.

"Barua hiyo ilitoka kwa makosa," akasema wakili haraka. "Tunaye shahidi, aliyeiandika mwenyewe."

Bwana Ngwali akapanda, akaapa, akasema kwa sauti ya mtu aliyekariri kwamba barua ilitoka kwa makosa. Hakimu akamwambia Bi Mwatumu anaweza kumuuliza shahidi maswali.

Bi Mwatumu hakujua maswali ya mahakamani yanaulizwaje. Alijua ya nyumbani tu.

"Hujambo, mwanangu?"

"Sijambo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Alhamisi ile ulikuja kwangu, hukuja?"

"Nilikuja."

"Nilikukaribisha vizuri, au ulikwenda na kinyongo?"

"Vizuri sana, mama. Mungu akuzidishie."

"Pilau lilikutosha?"

"Lilinitosha. Nilikula sahani tatu."

"Ulikula umekaa wapi?"

Wakili akainuka kupinga, hakimu akamkalisha kwa kidole. Bwana Ngwali alimtazama Mheshimiwa Bakunja, akatazama dari, akamtazama tena Bi Mwatumu. Kumkana mtu kwa maandishi alikuwa amekwisha kuzoea, ndiyo kazi. Lakini kumkana mwenyeji usoni, na ulikwisha kula chakula chake, hilo mama yake hakumfundisha.

"Barazani, mama."

"Baraza ya nini?"

"Ya nyumba."

"Nyumba ya nani?"

"Nyumba yako," akasema Bwana Ngwali, na akaonekana kama mtu aliyetua mzigo, na ajira pamoja nao.

Hakimu akamgeukia wakili. "Uwanja mtupu una baraza?"

"Mheshimiwa Hakimu, yawezekana baraza ilikuwepo bila nyumba."

"Na madirisha manne?"

"Yawezekana nayo."

"Wakili msomi, Idara hii ni ya Serikali?"

"Ni ya Serikali."

"Je, unaiambia Mahakama hii kwamba Serikali imesema uongo, na Waziri akatia saini?"

Katika nchi ile, kusema Serikali imesema uongo kulikuwa na kifungo cha miaka sita, minane kama ni kweli. Wakili akanywa maji. Akatafuta Kilatini, hakikuja. Akanywa tena.

"Hapana, Mheshimiwa Hakimu. Serikali haisemi uongo."

"Vyema. Na Baraza la Mji, lililosema uwanja ni mtupu?"

"Nalo ni Serikali."

"Nalo halisemi uongo. Basi hukumu ni nyepesi." Hakimu Kitundu akaondoa sufi kwenye wigi. "Serikali imesema kuna uwanja mtupu wa Mheshimiwa Bakunja, na imesema kuna uwanja wenye nyumba wa huyu mama. Zote ni kweli, kwa hiyo ni viwanja viwili. Mheshimiwa na aende akautafute ule mtupu popote ulipo, na akiuona auchukue, hakuna atakayemzuia. Huu alioushtaki una nyumba, sio wenyewe."

Wanasema Mheshimiwa bado anautafuta.

*

Idara ilipotoa taarifa ya mwaka ilijisifu kwamba imemwezesha mwananchi wake wa kwanza kushinda kesi, tena bila Serikali kupoteza wakili. Bwana Ngwali alishushwa Daraja la Tatu, akapangiwa kukaa mlangoni.

Lakini habari ilikuwa imesambaa. Wiki iliyofuata foleni ilianza ghorofa ya nne, ikashuka ngazi, ikatoka nje, ikazunguka jengo. Walikuja watu waliopotezewa hati, walioazimwa hati, ambao hati zao zililiwa na mchwa wa Ofisi ya Ardhi. Walikuja wamevaa saa za kuazima na viatu vya shemeji, wamepanda lifti kwa makusudi, kila mmoja na mwaliko wa pilau mkononi. Mkurugenzi aliona hatari. Barua moja ya kukataa ilikuwa imemgharimu diwani kiwanja, je, elfu moja? Akatoa waraka wa siri kwamba kuanzia siku hiyo hakuna mwombaji kukataliwa. Kila atakayekuja apewe umaskini wake, apewe wakili, aende zake. Ndivyo msaada wa kisheria ulivyoanza kutolewa katika nchi ile.

Siku waraka ulipoanza kazi, mzee mmoja wa kwanza kwenye foleni alitoka mlangoni amejiinamia, karatasi ikimning'inia mkononi.

"Wamesemaje, baba?" akauliza mwanamke aliyekuwa nyuma yake.

"Wamenikubali."

"Umaskini wote?"

"Wote. Mpaka mkokoteni wamesema sio wangu. Wamenipa na wakili."

Watu wakampisha njia kimyakimya, kama wampishavyo mfiwa.

"Pole sana," akasema yule mwanamke, akimshika bega. "Kata rufaa. Nenda kawaambie unacho."